Neno Lililopita Kwenye Pengo Lako

Mwaka umekatika, Fundi Sponji, tangu utuache. Wenzetu wakiandika matangazo kama haya husema ni kama jana tu. Kwetu si kama jana. Ni mwaka, na tumeubeba wote, hakuna siku iliyotupita hivi hivi.

Dada Mkubwa alitaka liwe tangazo fupi: picha yako, tarehe, maneno mawili matatu ya heshima, basi. Mdogo wako akakataa. Yule uliyempa jina Kiberiti, kwa sababu ukimgusa tu anawaka. Akasema humu ndani kuna swali, na mwenye jibu ni wewe peke yako, kwa hiyo ni bora uulizwe mbele za watu.

"Amekufa, Kiberiti," Dada akamwambia.

"Najua amekufa. Nilikuwepo."

Ndiyo maana tangazo limekuwa refu.

Waliokujua kwa wimbo hawakuijua kazi yako, basi tuanze na kazi. Ulikuwa fundi makochi. Watu walikuletea makochi yaliyobonyea, yaliyochanika, yaliyokojolewa na watoto, nawe ukayavua nguo mpaka yakabaki mbao na springi, kisha ukayavisha upya. Karakana yako ilikuwa chumba kimoja: cherehani karibu na dirisha, sponji zimepangwa mpaka darini, na vumbi. Lile vumbi la makochi ya watu, la miaka ya watu, ulilivuta wewe. Ukiambiwa ufunge kitambaa puani unajibu, "Sasa nitaimbaje?"

Maana ulikuwa unaimba na misumari mdomoni. Hiyo ndiyo picha yako tuliyobaki nayo vichwani. Ile misumari midogo ya kupigilia kitambaa uliibana kwenye midomo, unatoa mmoja mmoja, nyundo inagonga, na humo humo wimbo unapita puani, mm, mm, mm. Nyimbo zako zote zilizaliwa hivyo, kwanza hazina maneno. Maneno yalikuja misumari ikiisha.

Na mteja hakuondoka na kochi lake kabla hujamkalisha. "Kaa kwanza," unamwambia, "nijue kama linapumua." Akikaa tu, unavuta gita. Kuna mama mmoja alikuja amefura kwamba umemchelewesha, ukamkalisha, ukamwimbia, akalia kwenye kochi lake jipya mpaka ukamwambia, "Mama, kitambaa hicho hakipendi maji." Akacheka huku kamasi zinamtoka. Watu walikuwa wanakupenda, bwana. Hata waliokuja kugombana.

Kochi letu la nyumbani, lile la kijani, hukulimaliza. Mbele limevaa vizuri, mgongoni liko uchi, mbao tupu. Kila tukikumbusha unasema wiki ijayo. Tumelisogeza ukutani ili wageni wasione.

Kisha jino. Siku hiyo koleo lilikuwa mbali na wewe ulikuwa mvivu wa kusimama, ukataka kung'oa msumari kwa meno. Jino la mbele likabaki kwenye mbao za kochi la watu. Ulirudi nyumbani umefumba mdomo kama mtu aliyeficha kitu. Mama akauliza una nini, ukafungua, Kiberiti akaanguka chini kwa kicheko. Tangu siku hiyo ulimi wako ulikosa pa kuegemea, ukawa unarudi nyuma, na kila "cha" ikawa inatoka "ka". Ulikuwa unaita kutoka chumbani, "Jamani, nileteeni kai!" Tukakuiga. Nyumba nzima ikawa inakunywa kai. Mgeni akija anaulizwa, "Utakunywa kai?" anatutazama kama tuna wazimu.

Tunaeleza haya ya jino kwa sababu ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo.

Ulikuwa na msichana. Hatumtaji jina. Wewe ulimwita Dozi, na ulimwita hivyo wewe peke yako, kwa hiyo hapa hatumharibii mtu. Alikuwa anauza duka la dawa. Ulikuwa unapita pale kununua dawa ya kichwa usichoumwa, mpaka droo ya karakana ikajaa vidonge. Ulisema Dozi unamtumia asubuhi, mchana na jioni. Yeye naye alikupenda, tusimdhulumu. Ila siku moja alikuambia hawezi kuolewa na vumbi. Ukarudi ukakaa kwenye lile kochi letu la mgongo uchi, ukatoa sauti ile ya puani, na safari hii hukuwa na msumari hata mmoja mdomoni.

Hapo ndipo wimbo ulipotoka.

Masikio ndiye aliyeurekodi, rafiki yako mwenye studio nyuma ya saluni. Studio yenyewe uliivisha wewe, kuta zote vipande vya sponji vya kila rangi, ukiingia unajiona uko ndani ya godoro. Uliimba hivi:

*Mikono yako inanukia dawa, mama,*
*mlango niachie wazi ukitoka.*
*Umenichosha, mama, umenichosha,*
*leo nalala mapema.*

Ndivyo ulivyotunga. Umenichosha. Mtu amechoka kusubiri mlangoni, anakwenda kulala. Huo ni wimbo wa kuachwa, mtu akiusikia anatakiwa ageukie ukuta. Lakini uliporekodi ile iliyotoka, jino lilikuwa limeshang'oka. Ilipofika redioni, nchi nzima ikasikia "umenikosha, mama, umenikosha."

Wakaupeleka harusini! Umenikosha, yaani umenifurahisha mpaka moyoni, bwana harusi anamtazama bibi harusi, na ikifika "leo nalala mapema" ukumbi mzima unapiga kelele na vijiko. Kiberiti alitaka kuwaka. Alikwenda kwa mpiga muziki wa ukumbi ule ulio ng'ambo ya barabara yetu, akamwambia, "Huu ni wimbo wa msiba wa mapenzi, wewe unauchezesha keki?" Yule akamjibu, "Kijana, toka kwenye waya zangu." Aliporudi akakuta unacheka. Ulikuwa umekaa juu ya rundo la sponji, unacheka mpaka unakohoa. Tulidhani ni kicheko kinachokukohoza.

"Wanasikia vibaya," ukamwambia. "Waache. Wanafurahi."

Mama yetu naye alisikia vibaya. Hilo ndilo lenyewe.

Wanaosoma wajue kwamba Mama yetu anafua hospitali. Yuko chumba cha nyuma, penye mashine kubwa na mvuke, mashuka yanaingia na damu yanatoka meupe. Akirudi nyumbani mikono yake inanuka dawa ya kuulia vijidudu, hata apake nini. Tulipokuwa wadogo tulijua amefika kabla hajasema hodi. Asubuhi akitoka, alikuwa anatuachia mlango wa chumbani wazi kidogo ili mwanga wa sebuleni uingie, maana Kiberiti aliogopa giza. Na yeye, kwa neno lake la kila siku, kufua na kuosha vyote ni kukosha. "Nimekosha mashuka ya wodi nzima leo, mgongo si wangu."

Basi mwambie mtu kama huyo kwamba mwanawe anaimba, "Mikono yako inanukia dawa, mama, umenikosha." Atamfikiria nani?

Redio ya pale kazini iko kwenye rafu juu ya sabuni. Siku wimbo ulipopigwa mara ya kwanza, Mama alizima mashine. Wenzake wakadhani imeharibika. Akasema, "Nyamazeni. Huyo ni mwanangu. Ananiimbia mimi." Alisikiliza mpaka "leo nalala mapema", akawaambia, "Alikuwa hivyo hivyo. Ukishamwogesha tu, analala." Tangu siku hiyo kule kazini hawakumwita tena kwa jina. Walimwita Mama Umenikosha. Akaitika. Akatembea kama mtu aliyevishwa nguo mpya.

Mdogo wako alikuuliza karakanani, kwa ule mdomo wake. "Kwa nini usimwambie Mama ukweli? Wimbo ni wa Dozi."

Ulikuwa unavisha kiti cha kinyozi. Ukatema misumari mkononi ili umjibu vizuri. "Dozi nilimpelekea, hakuutaka. Mama hata sikumpelekea, kauchukua mwenyewe. Sasa niambie, wimbo ni wa nani?"

"Wa Dozi. Umesema chosha."

"Nimesema kosha," ukamjibu, ukamwonyesha pengo. "Muulize mtu yeyote."

Mngecheka wote wawili siku nzima, kama kikohozi kisingekukamata tena.

Hatutasema mengi ya ugonjwa. Daktari alisema ni mapafu, akauliza kazi yako, na alipoisikia akaweka kalamu chini. Sauti ilitangulia kwenda. Ulibaki na ile ya puani, kisha hata hiyo ikawa haina upepo wa kuisukuma. Mama aliomba ruhusa kazini akakaa na wewe. Alikuogesha mwenyewe kitandani, hakuruhusu Dada, hakuruhusu nesi. Alikuwa anakugeuza taratibu kama mtu anayekunja shuka la hariri. Na alikusumbua, tuseme ukweli. Kunywa hiki, meza hiki, kaa, geuka, pumua ndani, kijiko kimoja tu, baba yangu, kimoja tu.

Siku ya mwisho ya wewe kusema, Mama alikuwa anakufuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kiberiti alikuwa ameshika beseni. Mama akasema, "Geuka kidogo, baba, nimalizie na huku." Wewe ukageuka, ukavuta pumzi kwa shida, ukasema, "Umenikosha, mama."

Mama akacheka. Akakubusu kisogoni, na mikono yake imejaa povu. "Asante, baba," akasema. "Lala sasa."

Ukalala. Hukusema lingine.

Sasa msomaji ajue jinsi Mama alivyoupita mwaka huu. Aliupita kwa neno hilo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliuweka wimbo kwenye simu, akakaa kwenye kochi la kijani, akausikiliza mpaka mwisho, ndipo akafunga kitambaa kichwani na kutoka. Asipousikiliza hanyanyuki. Walipomjia majirani na pole zao aliwaambia, "Mwanangu hakuondoka na deni la maneno. Aliniimbia nchi nzima ikasikia, na siku yake ya mwisho akanirudia kwa mdomo wake." Dada Mkubwa alikuwa anasema ule wimbo ndio fimbo anayotembelea. Na sisi hatukuigusa fimbo yake. Hata Kiberiti, ambaye hajui kunyamaza, alinyamaza.

Halafu Masikio akatuletea zawadi.

Alikuja alasiri, kumbukumbu yako inakaribia, amevaa shati la kupigwa pasi. Ameketi pembeni, hatulii. Mjomba alikuwepo, Dada alikuwepo, Mama yuko katikati ya kochi. Masikio akasema alikuwa anasafisha mashine yake, akakuta ulikuwa umeuimba wimbo ule mara ya kwanza kabisa, kabla ya ile iliyotoka, wiki ile ile Dozi alipokuacha, mkauacha kwa kuwa ulisema gita halikukaa sawa. "Hakuna aliyewahi kuusikia," akasema. "Sauti yake nzima, Mama. Safi kama maji. Hana hata kikohozi."

Hana hata kikohozi. Hakuna mtu pale aliyefikiria jino.

Akaweka spika juu ya meza. Ukaanza. Jamani, ulivyokuwa na pumzi! Dada akafunika uso. Mjomba akasema, "Huyo! Huyo ndiye yeye!" kama umeingia mlangoni. Mama akafumba macho, anatabasamu, midomo inakwenda pamoja na wewe: mikono yako inanukia dawa, mama. Mlango niachie wazi ukitoka.

*Umenichosha, mama. Umenichosha.*

Cha iliyonyooka. Cha ya mtu mwenye meno yake yote.

Midomo ya Mama ikasimama. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho, hakuna aliyekuwa na mkono wa kuuzima.

"Rudisha," Mama akasema.

Masikio akarudisha.

"Rudisha tena pale."

Akarudisha.

"Anasema nini?"

Tukatazamana. Mjomba, ambaye hajawahi kudanganya vizuri maishani mwake, akakohoa akasema, "Anasema umenikosha, dada yangu. Mimi nimesikia kosha. Wazi kabisa."

"Kaka yangu," Mama akamwambia, "mimi sijazeeka masikio."

Hapo Kiberiti akaona uongo hautavuka, bora ukweli. Akapiga magoti mbele ya kochi. "Mama, anasema chosha. Lakini si wewe. Ni yule msichana wa duka la dawa, yule aliyemwacha. Aliutunga kwa ajili yake."

"Mama ni nani humu ndani?"

"Vijana huwaita hivyo wapenzi wao, Mama. Mama, mama. Ndiyo lugha yetu."

"Na mikono inayonuka dawa?"

"Ya yule msichana. Anauza dawa."

"Na mimi nafua maua?"

Masikio alikuwa amekunja waya wake mkononi, anaufunua, anaukunja. Mama akaangalia mikono yake, akaigeuza, akaiweka tena mapajani.

"Kwa hiyo hata siku ile," akasema taratibu, na hakuwa anatuambia sisi. "Ile siku ya beseni. Alikuwa na pengo. Alikuwa hawezi kusema cha."

Kiberiti akahisi kama lile beseni ndiyo kwanza limemdondoka. Alisema haraka, "Siku ile alisema kosha, Mama. Ulikuwa unamwogesha. Ni kosha."

"Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia kosha."

"Mimi pia nilisikia kosha," Mama akasema. "Akiomba chai nilisikia nini?"

Sponji, hapo ndipo tulipokwama na ndipo tulipo mpaka leo.

Kesho yake hakuweka wimbo. Alinyanyuka hivyo hivyo, bila fimbo, na tuliona jinsi alivyonyanyuka. Kazini akawaomba wenzake wampunguzie redio. Walipomwita Mama Umenikosha akasema ana jina lake.

Mdogo wako hakukubali. Alimweleza yale maneno ya karakanani, ya kiti cha kinyozi, kwamba ulisema wimbo sasa ni wake, kwamba ulisema mwenyewe "nimesema kosha". Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Unampenda sana kaka yako." Basi. Kama anamsifu mtoto kwa kuchora.

Kiberiti akamfuata Dozi dukani. Akasimama kwenye foleni nyuma ya watu wa vikohozi, ilipofika zamu yake Dozi akamtazama kupitia nondo za dirisha la duka.

"Unaumwa nini, Kiberiti?"

"Siumwi. Namtaka mtu aje nyumbani aseme kwamba ndiye aliyemchosha kaka yangu."

Dozi akapanga vikasha ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Nimeolewa, shemeji." Shemeji lilimtoka tu, akalirudisha. "Kiberiti. Nimeolewa. Mume wangu ndiye aliyeuchagua wimbo ule uchezwe harusini kwetu, unajua? Ukumbi mzima unaimba kosha. Mimi peke yangu mle ndani nilisikia chosha."

"Ukafanyaje?"

"Nikacheza. Ningefanyaje?"

Lakini alikuja. Tumshukuru hapa mbele za watu. Alikuja na sare yake ya kazini, akavua viatu mlangoni, akakaa chini kabisa ingawa kochi lilikuwa na nafasi. Akasema, "Mama, ni mimi niliyemchosha. Mimi ndiye niliyemwambia sitaki kuolewa na vumbi. Wimbo ule ni wangu, na matusi yake ni yangu. Naomba unirudishie."

Mama akamwinua kwa mkono. Akaunusa ule mkono, kweli ulikuwa na harufu ya dawa, sote tuliona ameunusa. Tukadhani imekubali. Mdogo wako akaanza kupumua.

"Umelelewa vizuri, mwanangu," Mama akasema. "Umetoka kwako, una mume, umekuja kunibebea mzigo wangu. Mungu akulipe. Lakini wewe hukuwa naye siku ya beseni."

Dozi akalia. Mama ndiye aliyembembeleza.

Ikabaki njia moja. Kiberiti akamwekea ile ya zamani, ile ya pengo, ile aliyoisikia kila asubuhi mwaka mzima. "Sikiliza hii tu, Mama. Sahau ile nyingine. Sikiliza." Ukaimba na pengo lako. Umenikosha, mama, umenikosha. Sisi sote tulisikia kosha. Mama akasikiliza kwa nia njema, kichwa kimeinama upande, anajitahidi, tulimwona anajitahidi.

"Hata hapa anasema chosha," akasema. "Sijui nilikuwa nasikiliza nini."

Tumejaribu yote, Sponji. Hakuna ambaye hajajaribu. Masikio ameifuta ile ya kwanza kwenye mashine yake kwa hasira, akaja kutuambia kana kwamba kuifuta kutaitoa kichwani mwa Mama. Hakuna aliyemlaumu, alileta kwa mapenzi. Dada anasema tumwachie muda. Mdogo wako haamini muda. Na akuambie jambo baya zaidi, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa unaambiwa mabaya yake yote: siku nyingine, akiwa peke yake karakanani na zile sponji ambazo hakuna wa kuzikata, yeye mwenyewe anajiuliza. Alikuwa ameshika beseni, alikuwa karibu kuliko wote baada ya Mama. Mtu aliyegeuzwa na kugeuzwa, mgongo umechubuka, pumzi hana, kijiko hakimwishi mdomoni. Angeweza kuwa amechoka. Angeweza kusema hivyo bila ubaya wowote. Au alikuwa anamshukuru mama yake. Neno lilipita kwenye pengo likatoka hivyo lilivyotoka, na mwenye ulimi amekwenda nao.

Ulisema lipi?

Jumamosi iliyopita palikuwa na harusi kwenye ukumbi wa ng'ambo. Mchana, madirisha wazi, Mama anakunja nguo sebuleni. Tulijua wataupiga, huwa wanaupiga. Ulipoanza, Kiberiti akaruka kwenda kufunga dirisha.

"Acha," Mama akasema.

Akaacha. Ikafika kiitikio, ukumbi wote ukapokea, wanaume, wanawake, watoto, vijiko vinagonga glasi: UMENIKOSHA, MAMA! UMENIKOSHA! Watu wengi namna ile, sauti moja, wanamwambia kosha mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka. Mdogo wako alimtazama Mama usoni. Aliomba. Alisema moyoni, huyu mmoja hataweza kubishana na ukumbi mzima.

Mama alisikiliza mpaka "leo nalala mapema", mpaka kelele, mpaka vicheko. Akanyoosha shuka, akalikunja, akapitisha kiganja juu yake.

"Wanasikia vibaya," akasema. "Waache. Wanafurahi."

Maneno yako, Sponji. Yale yale, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba uliyasema.

Kisha akaketi kwenye lile kochi la mgongo uchi, akasema amechoka. Tangu uondoke, na hata baada ya ule mchana wa Masikio, humu ndani tulikuwa bado tunasema kai. Hatukuwa tumekubaliana, ilikuwa inatutoka tu, na Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisema kila asubuhi.

"Kiberiti," akasema, "niletee chai."

Chai. Kwa cha yake yote.

Mdogo wako alisimama jikoni mpaka maji yakakauka kwenye sufuria, akaweka mengine.

Mama amesomewa tangazo hili kabla halijatoka. Akasema, "Andikeni mnavyotaka. Yeye hatalisoma."

Unakumbukwa na Mama yako, aliyekuogesha wa kwanza na wa mwisho. Na Dada Mkubwa, aliyetaka liwe fupi. Na Mjomba, anayeapa hadi leo kwamba alisikia kosha. Na Masikio, ambaye studio yake bado imevaa sponji zako. Na mmoja aliyeomba asitajwe, naye hatukumtaja. Na wateja wako wote wanaokaa vizuri leo bila kujua wamekaa juu ya nini. Na mdogo wako Kiberiti, aliyeshika beseni.

Daima tutakukumbuka, Fundi Sponji, hata tusipotaka, maana kila Jumamosi kuna harusi.